Atokaye Kulia Apite: Alama za Barabarani Zinavyosomwa Kampemba

Njiapanda nyingi za ndani ya Bel-Air na Bongonga, mitaa miwili ya komini ya Kampemba mjini Lubumbashi, hazina bango lolote. Hakuna STOP, hakuna taa, hakuna mstari uliochorwa chini. Saa kumi na moja jioni, watu wanaporudi kutoka mjini, teksi-basi inakuja upande huu, wewa, kama dereva wa pikipiki ya abiria anavyoitwa huku, anatokea upande ule akiwa amepakia watu wawili, na jipu la kampuni linapiga honi kutoka upande wa tatu. Nani apite kwanza?

Jibu lipo, tena limeandikwa. Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ambayo Lubumbashi nzima huiita Code de la route, inasema kwamba pasipo na alama dereva humpisha anayetokea kulia kwake. Haiulizi gari ni kubwa kiasi gani wala nani ana haraka. Wewa akitokea kulia, jipu linasimama. Lakini ukikaa njiapandani dakika chache utaona kanuni nyingine ikitawala: mwenye bampa nene hutangulia, mwenye honi kali hufuata, na mtembea kwa miguu hungoja mpaka wote waishe.

Somo la alama za barabarani lingepaswa kuanzia hapo. Mafunzo mengi ya udereva huanza na karatasi yenye picha: hii ni kona, hii ni shule, hii ni wanyama. Mwanafunzi anakariri, anafaulu, anapewa leseni. Siku anayokuta njiapanda tupu anadhani amefika mahali pasipo na sheria. Kumbe sheria ndiyo iliyotangulia, na bango husimikwa pale tu inapohitajika kuibadilisha. STOP, pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini, almasi ya njano ya barabara yenye kipaumbele: zote tatu ziliwekwa ili kuiondoa kanuni ya kulia mahali fulani na kuweka amri nyingine. Asiyeijua kanuni hawezi kujua bango limebadilisha nini.

Kampemba ni mahali pazuri pa kuliona jambo hili, kwa sababu kila aina ya chombo hupita hapa. Lubumbashi ilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na reli kutoka kusini ikaingia mwaka huohuo. Kampemba ni mojawapo ya komini zake saba. Ina Bel-Air yenye nyumba na maduka, ina Kigoma, Kafubu na Hewa Bora, na ina mtaa wa Industriel wenye viwanda, maghala na yadi za malori. Barabara ya Kasenga inatoka mjini kupitia upande huu kuelekea kaskazini-mashariki, uliko pia uwanja wa ndege wa Luano. Kwenye lami hiyo moja hukutana mkokoteni wa makaa, baiskeli iliyobeba magunia, teksi-basi, lori la tani thelathini na gari la mtu anayewahi ndege.

Jambo la pili ambalo karatasi ya picha haifundishi ni kwamba alama zina vyeo. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968, ambao Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilijiunga nao mwaka 1977, yaani mwaka mmoja kabla ya kutunga sheria yake mpya, uliweka ngazi zilizo wazi. Juu kabisa yupo polisi anayeongoza magari. Chini yake zipo taa. Chini ya taa yapo mabango na mistari. Kanuni ya jumla, ile ya anayetokea kulia, iko chini kabisa, inangoja wote walio juu yake wanyamaze.

Ngazi hizo hutumika kila siku. Taa ya kijani imewaka lakini polisi wa roulage, yaani wa barabarani, ameinua mkono wima: unasimama, kwa sababu mkono wake umeizidi taa. Mkono huo ulioinuliwa wima unawasimamisha wote, isipokuwa yule aliyekwisha kukaribia kiasi kwamba hawezi kufunga breki bila hatari. Akiinyoosha mikono kwa mlalo, wanaosimama ni wanaomwona kifua au mgongo. Wanaokwenda sambamba na mikono yake wanapita. Usiku akimpungia mtu taa nyekundu, huyo aliyepungiwa anasimama. Ni ishara tatu tu, na dereva anayezijua hahitaji kukisia polisi anataka nini.

Umeme ukikatika, ngazi inashuka. Taa zikizimika na polisi hayupo, mabango yaliyo kwenye nguzo ndiyo yanayoshika amri. Kama mabango nayo hayapo, tumerudi kulia. Ni hapo ambapo madereva wengi hukosea: wanaiona taa iliyozimika, wanasema mambo yamevurugika, kila mmoja anajisukuma mbele. Sheria haikuzimika pamoja na taa.

Kongo imewahi hata kumpa polisi wa barabarani msaidizi wa chuma. Mwaka 2013 Kinshasa ilisimika roboti za kuongoza magari zilizobuniwa na mhandisi Thérèse Izay pamoja na wenzake wa kundi la Women Technology, na baadaye Lubumbashi nayo ikazipata. Zilitumia nguvu ya jua, zilikuwa na kamera, vifua vyake vilizunguka na mikono ikainuka huku taa nyekundu na kijani zikiwaka. Picha zake zilizunguka dunia nzima, na kwa haki, maana wazo lilitoka Kongo na mafundi walikuwa wa Kongo. Kwa dereva, hata hivyo, roboti ihesabiwe kama taa. Polisi akisimama kando yake akanyoosha mkono, mkono wa mtu ndio unaotangulia.

Tuje kwenye maumbo. Watu hudhani bango linasomwa kwa maandishi au kwa mchoro wa ndani. Kwanza kabisa linasomwa kwa umbo. Mabango ya kwanza ya kimataifa yalikubaliwa Paris mwaka 1909, nayo yalikuwa manne tu: tuta, kona, njiapanda na makutano ya reli. Bango la STOP linasemekana kuanza Detroit nchini Marekani mwaka 1915, na pembe zake nane zilikuja baadaye, katika miaka ya 1920, ili litofautiane na mengine yote. Leo bango lenye pembe nane ni hilo moja tu. Pembetatu inayosimama kwa ncha ni moja tu: pisha. Almasi ya njano yenye ukingo mweupe ni moja tu: uko kwenye barabara yenye kipaumbele.

Faida yake huonekana Kampemba wakati wa kiangazi, kati ya Mei na Oktoba, mvua zinapokatika na vumbi jekundu kutanda juu ya kila kitu. Bango lililofunikwa na vumbi, lililopauka kwa jua, hata lililobandikwa tangazo la mkutano wa injili, bado lina pembe zake nane. Tena linasomeka kutoka nyuma. Dereva aliye kwenye barabara kuu akiona mgongo wa bango la pembe nane kwenye barabara inayoingia upande, anajua kwamba yule wa kule ameamriwa kusimama. Akiona mgongo wa duara au haoni kitu, apunguze mwendo. Madereva wazoefu wa malori hufanya hivyo bila kufikiri, lakini wanafunzi wachache sana hufundishwa kuangalia migongo ya mabango.

Baada ya umbo huja rangi. Pembetatu nyeupe yenye ukingo mwekundu inaonya. Duara lenye ukingo mwekundu linakataza. Duara la buluu linalazimisha. Mstatili wa buluu unaarifu. Mshale mweupe juu ya mstatili wa buluu unakuambia kwamba barabara hii ni ya kwenda upande mmoja. Mshale uleule ukiwa ndani ya duara la buluu unakulazimisha kuufuata.

Lipo bango moja linalowaponza wengi: duara jeupe lenye ukingo mwekundu, na ndani tupu. Si bango lililofutika. Linasema hakuna chombo chochote kinachoruhusiwa kuingia, kutoka upande wowote. Wewa anayelipita akidhani mchoro ulibanduliwa na jua ameingia mahali ambapo watu wanatembea bila kutazama nyuma. Lakini asilaumiwe peke yake, maana rangi nyekundu huwa ya kwanza kupauka juani, na bango lililoachwa miaka mingi bila kupakwa upya hubaki bati jeupe lisilosema chochote. Mji ulioliacha lipauke hauna haki ya kumtoza faini dereva kwa kutolitii.

Na teksi-basi? Kwao suala kubwa ni mistari miwili midogo. Duara la buluu lenye ukingo mwekundu na mstari mmoja wa kukatisha linakataza kuegesha, lakini kushusha abiria na kuondoka mara moja kunaruhusiwa. Duara hilohilo likiwa na mistari miwili iliyokatana, kusimama hata kwa kushusha mama mwenye mtoto ni kosa. Magomvi mengi kati ya madereva, makondakta na polisi wa roulage yangekwisha pale pale kama pande zote mbili zingetazama juu na kuhesabu: mmoja au miwili?

Sasa twende kusini kidogo, kilomita karibu 90, mpaka Kasumbalesa. Barabara ya Taifa namba 1 inaishia hapo, na upande wa pili Zambia inaanza. Ni mojawapo ya mipaka yenye malori mengi zaidi katika eneo hili la Afrika: shaba na kobalti zinatoka, mafuta, unga, saruji na asidi vinaingia. Ni pale pia ambapo magari hubadilisha upande. Zambia, kama Tanzania na Kenya, hupita kushoto. Kongo hupita kulia. Wasomaji wa mipakani Rusumo, Bunagana na Kasindi wanalijua jambo hilo kwa uzoefu wao wenyewe.

Wengi hufikiri kwamba kubadilisha upande ndiko kugumu. Kwenye barabara iliyonyooka ni rahisi. Unalifuata gari lililo mbele. Ugumu uko kwenye mzunguko. Dereva aliyejifunza Dar es Salaam au Ndola ameambiwa tangu mwanzo: mpishe anayetokea kulia. Kwao, kwa kuwa wanapita kushoto na kuzunguka kwa mwendo wa saa, anayetokea kulia ni yule aliyekwisha kuingia kwenye mzunguko. Unampisha, naye anatoka, na magari yanatiririka. Kongo wanazunguka kinyume cha mwendo wa saa. Aliye ndani ya mzunguko akitazama kulia kwake anamwona yule anayetaka kuingia. Kanuni ikiachwa peke yake, basi, aliye ndani anampisha anayeingia, na mzunguko unajaa mpaka hakuna anayeweza kutoka. Maneno ni yaleyale, matokeo ni kinyume.

Ufaransa ilikuwa na tatizo hilohilo, ikalitatua tangu mwaka 1984 kwa kuweka mabango ya kupisha kwenye milango ya mizunguko. Ndiyo sababu pembetatu iliyogeuzwa, pale mdomoni mwa mzunguko, ina kazi kubwa Lubumbashi kuliko ilivyo Dar es Salaam. Dar es Salaam bango hilo likianguka, kanuni bado inasaidia. Lubumbashi likianguka, likagongwa na lori au kuibwa usiku, sheria ya mzunguko mzima imegeuka, na hakuna dereva aliyeambiwa.

Usukani wa kulia unaongeza uzito. Magari mengi yaliyotumika Japani huingia Katanga kupitia bandari za kusini na mashariki mwa Afrika, nayo yalitengenezwa kwa ajili ya nchi zinazopita kushoto. Miaka ya 2014 na 2015 serikali ya Kinshasa ilitangaza kupiga marufuku uingizaji wa magari ya aina hiyo, ikitaja ajali, na uamuzi huo ukalalamikiwa na wafanyabiashara waliokuwa wameshalipia mizigo yao. Leo bado yapo barabarani. Dereva aliyeketi kulia katika nchi inayopita kulia yuko karibu na ukingo wa barabara, kwa hiyo mabango ya pembeni anayaona vizuri sana. Asichokiona ni kinachokuja mbele. Ili kupita lori, lazima atoe karibu gari zima nje ya mstari kabla macho yake hayajafika, au amtegemee aliyeketi kushoto amwambie kama njia ni nyeupe. Kwake bango la duara lenye magari mawili, jekundu kushoto na jeusi kulia, linalokataza kupita gari jingine, linapaswa kuwa amri isiyojadiliwa.

Mlango je? Hiace ya Japani ina mlango wa kuburuta upande wa kushoto. Japani na Tanzania abiria hushukia ukingoni. Kongo, gari ambalo mlango wake haujahamishwa humshushia abiria katikati ya barabara, mbele ya pikipiki zinazopita. Hapo hakuna bango linaloweza kumwokoa. Fundi wa bodi ndiye anayehitajika.

Zipo pia alama zinazotembea, na wakazi wa Industriel na Kafubu wanaziona kila siku bila kuzisoma. Shaba iliyo katika mawe ya oksidi hutolewa kwa asidi ya salfa, kwa hiyo migodi ya Katanga hunywa asidi kwa malori na malori. Mwezi Februari 2019, karibu na kijiji cha Kabwe, kati ya Lubumbashi na Kolwezi, lori lililopeleka asidi kwenye mgodi wa Mutanda lilipata ajali pamoja na basi. Watu wapatao 20 walikufa, na wengine waliobaki hai waliunguzwa na asidi iliyomwagika.

Lori la namna hiyo hubeba kibao cha rangi ya machungwa chenye namba mbili, moja juu ya nyingine. Namba ya juu hueleza hatari, ya chini hutaja kitu chenyewe. 80 juu ya 1830 ni asidi ya salfa. 33 juu ya 1203 ni petroli. 30 juu ya 1202 ni dizeli. Malori mengine yatokayo kusini huonyesha namba ya chini peke yake, pamoja na almasi yenye picha ya matone yanayobabua mkono na chuma. Ukiiona 1830 mbele yako, acha nafasi kubwa. Lori hilo likianguka, kaa upande upepo unakotokea, usikanyage majimaji, usikimbilie kuchota kitu chochote kilichomwagika, na umtajie namba hiyo anayekuja kuokoa. Hizo ni tarakimu nne tu, na mtoto wa shule ya msingi anaweza kuzikariri. Shule za Kampemba zingeziweka ukutani kesho.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote, na zaidi ya nusu yao walikuwa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na watu wa pikipiki. Hao ndio walio wengi kwenye njia za Kampemba. Ni hao pia ambao hawafanyi mtihani wowote wa alama. Tume ya Taifa ya Kuzuia Ajali Barabarani, CNPR, ina jukumu la kuelimisha watu, na CONADEP hutoa leseni za udereva. Lakini mama anayevuka barabara ya Kasenga na beseni la mkate kichwani hakuwahi kuelezwa kwamba dereva aliye kwenye almasi ya njano hatarajii kusimama, wala wewa hajaambiwa kwamba kulia kwake ni haki ambayo asiidai kwa kifua.

Wizi wa mabango nao si wa Lubumbashi peke yake. Nchini Tanzania wakala wa barabara, TANROADS, umelalamika kwa miaka mingi kuhusu alama zinazong'olewa na kuuzwa kama chuma chakavu. Dawa zinajulikana: bango la plastiki ngumu lisilo na bei kwa mnunuzi wa chakavu, nguzo iliyofungwa kwa zege, na rangi nyeupe iliyopigwa moja kwa moja juu ya lami, ambayo hakuna anayeweza kuibeba. Mstari mnene wa kusimama mbele ya njiapanda ya Bongonga, pamoja na neno STOP lililoandikwa chini, hugharimu ndoo chache za rangi. Matuta yanayojengwa na wakazi wenyewe baada ya mtoto kugongwa yana sababu yake, tena sababu nzito, lakini tuta lisilo na bango wala rangi usiku humwangusha wewa mwingine.

Haraka inahitajika kwa sababu ya kitu kinachokuja. Kongo na Zambia zimekuwa zikishughulikia barabara ya Kasomeno, Kasenga, Chalwe na Mwenda, yenye daraja jipya juu ya mto Luapula, ili malori yanayotoka Nakonde, kwenye mpaka wa Zambia na Tanzania, yapate njia fupi ya kufika Katanga bila kushuka mpaka Kasumbalesa. Ikifunguliwa, dereva atabadilisha upande Luapula, atapita vijijini, na anapokaribia Lubumbashi kwa barabara ya Kasenga, upande wa Kampemba utakuwa kati ya sehemu za kwanza za mji kumpokea, na mizunguko yake miongoni mwa ya kwanza ambamo kulia kwake kumegeuka. Pembetatu za kupisha ziwekwe midomoni mwa mizunguko hiyo mapema, upande wa kulia na upande wa kushoto wa kila mlango, ili azione hata dereva aliyeketi upande usio wake. Na almasi za njano zisimikwe kwenye kila njiapanda ya barabara ya Kasenga ambapo mji unataka lori lipite kwanza, pembe nane zikiwangoja wanaotoka Hewa Bora.